Pwani za Rhode Island Ninazozirudia

Katiba ya jimbo la Rhode Island, ambayo ilianza kutumika mwaka 1843, inawahakikishia watu wa jimbo hilo haki za pwani, na marekebisho ya mwaka 1986 yalizitaja haki hizo bayana: kuvua samaki ukiwa ufukweni, kuokota mwani, kuingia baharini kuogelea, na kupita kando ya maji. Nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza nilirudi nyuma nikalisoma tena neno mwani, kwa sababu mimi ni mtoto wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na sikuwahi kufikiri kwamba mwani, ambao kwetu ni kazi ya akina mama wanaoinama ndani ya maji tangu alfajiri, ungeweza kutajwa ndani ya katiba ya watu wowote. Asubuhi yake nilimpigia simu mama mdogo, ambaye amekuwa akiufunga mwani kwenye kamba tangu nikiwa shule ya msingi.

"Wanaupanda kama sisi?" aliniuliza.

"Hawaupandi, mama. Wanaokota ule unaotupwa na mawimbi."

"Wakaupeleka wapi?"

Nilimweleza kwamba wakulima wa zamani waliuzoa kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakaumwaga mashambani uwe mbolea, na kwa hiyo aliyewazuia kufika ufukweni alikuwa amewazuia kulima. Alinyamaza kidogo. "Kumbe pwani yao ni shamba," alisema. "Basi wasikubali kuuza."

Ninaishi Providence, mji mkuu wa jimbo hili, kwa mwaka wa 11 sasa, na kila kiangazi jamaa na marafiki wanaokuja kutembea, wengine kutoka Toronto, wengine kutoka nyumbani, huniuliza niwapeleke wapi. Majibu yangu huwa yaleyale, na kipimo changu ni kimoja: ninapenda mahali ambapo mtu asiye na nyumba ya ufukweni wala kadi ya klabu anaweza kuyafikia maji na kutembea kando yake bila kumwomba mtu ruhusa. Jimbo lenyewe ndilo dogo kuliko yote ya Marekani. Nchi kavu yake ni kilomita za mraba kama 2,678, ambazo zinazidi kidogo tu Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja, na wakaaji wake ni milioni 1.1 hivi. Ghuba ya Narragansett imeingia ndani hadi karibu na katikati ya jimbo, ikaacha visiwa, rasi na hori kila upande, kiasi kwamba karibu hakuna kijiji ambacho gari litachukua zaidi ya saa moja kutoka hapo hadi kwenye maji ya chumvi. Mtu wa visiwani hapati shida kuzoea mahali kama hapa, isipokuwa baridi.

Lazima niseme kwanza habari ya mpaka, kwa sababu bila hiyo hakuna matembezi. Kwa muda mrefu ugomvi ulikuwa ni pwani ya watu wote inaishia wapi, na uwanja wa mwenye nyumba unaanzia wapi. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba mpaka ni wastani wa maji kujaa, ambao hupigiwa hesabu kwa kipindi cha miaka 18.6, yaani mstari ambao hakuna jicho la binadamu linaloweza kuuona mchangani, na ambao mara nyingi huwa umefunikwa na maji. Mwaka 2019 mtu mmoja alikamatwa akiokota mwani ufukweni, jambo ambalo katiba inalitaja kwa jina, na mashtaka yake yakafutwa baadaye. Mimi mwenyewe, kiangazi kimoja kabla ya hapo, niliondolewa na mlinzi wa nyumba za watu binafsi nikiwa na wanangu wawili wadogo, nasi tulikuwa tumesimama kwenye mchanga mbichi, maji yakitupiga vifundoni. Niliondoka kwa sababu sikuwa na la kujibu, na wanangu waliniuliza njia nzima kosa letu lilikuwa nini.

Juni 2023 sheria ilibadilishwa. Sasa kila mtu anaruhusiwa kupita hadi futi 10, karibu mita 3, upande wa nchi kavu kutoka alama ya maji kujaa inayoonekana, na alama hiyo kwa kawaida ni ule mstari wa mwani uliokauka, vipande vya majani na magamba ya kombe ambao bahari huuacha ikirudi. Watu wa Jambiani wamekuwa wakiusoma mstari huo tangu enzi na enzi, na nilifurahi kuona kwamba bunge la jimbo limekubali kuusoma vilevile.

Mahali pa kwanza ninapompeleka mgeni ni Newport. Tunapanda basi namba 60 kutoka katikati ya Providence, linapita Barrington, Warren na Bristol, linavuka daraja la Mount Hope, ambalo lilijengwa mwaka 1929, na kutoka juu ya daraja hilo ghuba yote hufunguka pande mbili. Newport inasifika kwa majumba ya matajiri wa mwisho wa karne ya 19, na kubwa kuliko yote ni The Breakers, lenye vyumba 70, alilojengewa Cornelius Vanderbilt wa Pili kati ya miaka 1893 na 1895 kwa utajiri wa reli. Wageni wengi hulipa kiingilio wakaangalia dari za dhahabu. Mimi huwapeleka nyuma ya jumba, kwenye Cliff Walk, njia ya miguu ya kilomita 5 na nusu inayopita ukingoni mwa genge, baina ya nyasi za matajiri upande mmoja na Atlantiki upande wa pili. Njia hiyo ni ya umma. Majumba yaliikuta pale, na hakuna tajiri aliyefanikiwa kuifunga, kwa hiyo hadi leo mpishi, dereva wa teksi na mwanafunzi wanapita nyuma ya bustani ya Vanderbilt wakila sandwichi zao, na ua wa chuma uliopo umewekwa kuzuia nyumba, haukuwekwa kuzuia bahari.

Ninaipenda zaidi mwanzoni mwa Oktoba, wakati umati umepungua na maua ya waridi mwitu yamegeuka kuwa matunda mekundu kando ya njia. Njiani pana ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, zinazoitwa Forty Steps, na ukikaa kwenye ngazi ya chini kabisa unasikia mawimbi yakiingia kwenye nyufa za miamba kwa mlio mzito ambao sijausikia kwetu, kwa sababu kwetu mwamba wa matumbawe hulivunja wimbi mbali kabla halijafika. Machi 2022 kipande cha njia kiliporomoka si mbali na hapo, watu wakalazimika kuzungukia barabarani. Bahari inakula genge hili, na kila mwaka naona tofauti. Kusini mwa ngazi hizo njia hugeuka kuwa mawe matupu, kwa hiyo mzee au mwenye mtoto mgongoni na aishie kabla ya hapo. Anayefika mwisho atakuta ufukwe wa klabu binafsi, na pembeni yake kipande kidogo cha mchanga kilichobaki kwa watu wote, ambapo mimi huvua viatu kila mara.

Kabla ya kurudi kituo cha basi tunapita makaburini. Upande wa kaskazini wa mji, ndani ya makaburi ya zamani ya umma, pana sehemu inayoitwa God's Little Acre, walikozikwa Waafrika watumwa na waliokuwa huru, tangu karne ya 18. Wafanyabiashara wa Rhode Island walituma safari zaidi ya 900 kwenda Afrika kuchukua watumwa, na meli zao zilibeba zaidi ya watu 100,000, wengi kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Walitengeneza pombe ya ramu hapa Newport, wakainunulia watu kule. Baadhi ya mawe ya makaburi haya yana majina ya Kiakani, ya watu wa Ghana ya leo, kama Cuffe na Quamino, majina ambayo mtoto hupewa kwa siku aliyozaliwa, nayo yalivuka bahari na kubaki. Jiwe ninalosimama mbele yake kwa muda mrefu zaidi ni la Cuffe Gibbs, aliyefariki Desemba 1768. Limeandikwa juu yake kwamba aliyelichonga ni ndugu yake, Pompe Stevens, ambaye alikuwa mtumwa katika karakana ya mchonga mawe na alikuwa fundi mahiri. Mtu ambaye mikono yake ilikuwa mali ya mwingine alitia jina lake na la ndugu yake kwenye jiwe, na sasa tunayasoma yote mawili. Mimi nimelelewa na watu waliokuwa wakipita Mkunazini, mjini Unguja, palipokuwa soko la watumwa na ambapo leo limesimama kanisa la Anglikana, kwa hiyo siwezi kuja Newport nikaishia kwenye majumba. Mgeni akiwa na saa moja tu, ningependa aitumie hapa.

Mahali pa pili ni bandari ya wavuvi ya Galilee, kusini kabisa. Wengi huiona kupitia dirisha la gari tu, wakikimbilia feri, nami naona wanapoteza. Hapa ndipo ngisi wanaposhushwa kwa wingi kuliko bandari nyingi za pwani ya mashariki ya Marekani, na mwaka 2014 jimbo lilipitisha sheria ya kumfanya ngisi wa kukaanga kuwa kitangulizi rasmi cha mlo cha Rhode Island. Wanamkata pete, wanamchovya kwenye unga, wanamkaanga, kisha wanamchanganya na pilipili za siki na vitunguu saumu. Ukizoea ngisi wa Forodhani aliyechomwa kwenye makaa, mwanzoni utaona wamemfunika mno. Ila akimla akiwa moto, gatini, huku meli za chuma zikishusha mzigo na shakwe wakipigania mabaki, mtu wa pwani anajua yuko kwa jamaa zake. Harufu ni ileile: samaki, dizeli, kamba mbichi. Jirani na hapo ufukwe wa serikali huwatoza wenye magari ada ya kuegesha, na anayekuja kwa miguu au kwa basi namba 66 haingii gharama. Vijiji vingine kando ya pwani vimeacha njia za umma wazi lakini vimeondoa karibu kila nafasi ya kuegesha gari, na mimi naihesabu hiyo kuwa ni namna nyingine ya kufunga mlango. Baraza la jimbo linalosimamia rasilimali za pwani limethibitisha njia za umma zaidi ya 200 za kufikia maji, nyingine zikiwa ni uchochoro tu baina ya nyumba mbili wenye kibao kidogo. Nimejipa kazi ya kuzitembelea moja moja.

Kutoka Galilee feri ya kawaida huchukua kama saa moja kufika Block Island, kisiwa cha kilomita za mraba 25, na ningelazimishwa kuchagua mahali pamoja tu katika jimbo zima ningechagua hapo. Wenyeji wake wa asili walikiita Manisses. Karibu nusu ya ardhi yake imehifadhiwa isijengwe kamwe, kwa juhudi za wakaaji wenyewe, na ndiyo maana njia za miguu hupita kwenye mabonde, vichaka na kuta za mawe bila kukutana na hoteli kila kona. Upande wa kusini kuna magenge ya Mohegan, yenye urefu wa mita 45 hivi, ya udongo mwekundu na wa kijivu unaomomonyoka, na ngazi za mbao zaidi ya 100 za kushukia ufukweni. Juu yake umesimama mnara wa taa wa matofali mekundu uliojengwa miaka ya 1870. Genge lilipokaribia kuumeza, mwaka 1993 waliunyanyua mzimamzima, wakausukuma taratibu juu ya reli hadi mahali salama zaidi, bila kuubomoa. Nimesimama mara nyingi palipokuwa msingi wa kwanza, na kila mara nawaza jinsi watu walivyopenda jengo moja kiasi cha kulihamisha.

Ukiangalia baharini kutoka kwenye magenge utaona mitambo mitano ya upepo ikizunguka. Ilianza kazi Desemba 2016, na ndiyo ya kwanza ya kibiashara kujengwa baharini Marekani. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea jenereta za dizeli iliyoletwa kwa meli. Waya uliotandikwa chini ya bahari pamoja na mitambo hiyo ndio uliokiunganisha na bara. Wageni wengine hulalamika kwamba mitambo imeharibu mandhari. Mimi sikubaliani nao. Nilikuwa Unguja mwaka 2008 waya wetu wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, maji yakakosekana kwa sababu pampu hazikuwa na umeme, akina mama wakabeba ndoo kutoka visima vya zamani. Anayejua kisiwa kisicho na umeme kinavyokuwa akiona mapanga yale meupe yakizunguka juu ya maji ataona uzuri, na ndivyo ninavyoona.

Watch Hill, kwenye pembe ya kusini-magharibi, naipita kwa haraka, kwa kuwa mji wenyewe ni wa watu wenye uwezo na kuegesha gari ni taabu; ila ukifika, nenda moja kwa moja kwenye ulimi wa mchanga uitwao Napatree. Ulikuwa na nyumba karibu 40 hadi tarehe 21 Septemba 1938, siku ambayo kimbunga kilizifagia zote alasiri moja, pamoja na baadhi ya waliokuwa ndani. Hazikujengwa tena. Leo ni mchanga, nyasi na ndege, na wakati wa ndege kutaga sehemu nyingine huzungushiwa kamba, nazo tuziheshimu.

Katika Providence yenyewe wengi watakuambia uone WaterFire, mioto ya kuni inayowashwa kwenye vikapu vya chuma katikati ya mto jioni za kiangazi, kazi iliyoanzishwa na msanii Barnaby Evans mwaka 1994. Ni kweli inapendeza, hasa kwa harufu ya mwerezi unaoungua. Lakini mimi jioni zangu huzimalizia India Point, bustani ya umma kwenye ncha ambapo mto hukutana na ghuba. Jina hilo limetokana na meli zilizokuwa zikiondoka hapa kwenda biashara ya mbali, moja ikafika Canton, Uchina, mwishoni mwa miaka ya 1780, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Providence walifanya biashara na Unguja pia, ingawa wa Salem, jimbo jirani la Massachusetts, ndio waliotangulia. Mkataba baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Walileta kitambaa cha pamba kilichofumwa viwandani huku, na bibi zetu wakakiita merikani, jina ambalo bado liko midomoni mwetu. Kilomita chache tu kaskazini, Pawtucket, bado kipo kinu cha Slater cha mwaka 1793, ambapo usokotaji wa pamba kwa nguvu za maji ulipoanzia kushika nchini Marekani. Siku za Jumapili familia za Wakongo na Warundi hukaa kwenye nyasi za India Point, na kwa kuwa Kiswahili chao na changu vinaelewana, nimepata hapo ndugu ambao nisingewapata kokote kwingine.

Nimeiacha Beavertail mwisho kwa sababu huko huenda peke yangu. Ni ncha ya kusini ya kisiwa cha Conanicut, katika mji wa Jamestown, na kuna mnara wa taa mahali ambapo taa imewashwa tangu mwaka 1749. Hakuna mchanga hapo, ni miamba myeusi iliyolala kwa matabaka, na siku za ukungu honi hulia kila baada ya muda hata usione unapokanyaga. Huko maji hayaendi mbali. Jambiani, wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, na bahari hutuachia uwanda mzima wa kutembea hadi mashamba ya mwani. Hapa haizidi sana mita moja, kwa hiyo anayetaka kuona kilichopo chini lazima awahi, tena ajue saa.

Aprili iliyopita niliwahi. Kwenye mwamba wa chini kabisa niliona mwani mfupi, mwekundu wa zambarau, wenye ncha zilizogawanyika kama vidole vya mtoto. Unaitwa mwani wa Ireland, na ndani yake mna karajinani, ute wa kugandishia vyakula, ileile inayofanya mwani wetu ununuliwe na viwanda vya nje. Niliupiga picha, nikachuma kipande kidogo kilicholegea kama katiba inavyoniruhusu, nikampelekea mama mdogo picha hiyo kwa simu. Aliitazama, akanipigia mara moja.

"Huo ni ndugu wa wetu," alisema. "Uliuchuma siku ya mwezi gani, maji yalikuwa bamvua au maji mafu?"

Nilitoka nje, kwenye baraza, kuutazama mwezi kabla ya kumjibu.